Ukikosa Risasi, Hiyo .500 Yako Ni Fimbo ya Bei Ghali

Wasee, leo tugombane kidogo.

Kuna hii tabia ya kusifu bunduki za kuwinda vile watu husifu magari. Kubwa zaidi, adimu zaidi, ndiyo tamu zaidi. Mtu anaona .500 Jeffery ama .577 Nitro Express kwa video, anaandika mioyo kumi. Mimi sina shida na mioyo. Shida ni yule mwenye pesa ambaye kweli anaenda kuwinda mbogo, anasikiza hizo kelele, anaingia dukani mwaka ambao rafu ni tupu, anakuta raifo moja ya kaliba ya ajabu na boksi moja ya risasi. Anainunua mbio mbio. Eti amepata bahati.

Hiyo si bahati. Ni ubinafsi, na bili italetewa mtu mwingine.

Najua mtaniuliza Mkenya anajua nini. Kwetu uwindaji ulifungwa 1977, na sijawahi kulenga mbogo maisha yangu. Kama uwindaji ni mzuri ama mbaya, hiyo ni vita ya siku nyingine, na hiyo pia nitakuja. Lakini vuka Namanga. Hapo Tanzania kuna vitalu vya uwindaji, kuna wawindaji bingwa wenye leseni, na kuna wageni wanaotoka Marekani na Ulaya na raifo zao kwa masanduku. Na mbele ya huyo mgeni kuna mtu anatembea ameinama, macho chini, anasoma nyayo. Huyo mara nyingi mkononi ana fimbo ama panga. Lugha yake ni hii unasoma sasa hivi.

Mgeni akimpiga mbogo tumboni badala ya begani, mbogo anaingia kichakani na kunyamaza huko ndani. Nani anatangulia kutafuta damu kwa majani? Si yule wa boksi moja.

Kwa hivyo mtu akiniambia uchaguzi wa bunduki ni mambo yake binafsi na pesa zake, namwambia hapana buda. Ungekuwa mambo yako kama ungekuwa unawinda peke yako.

Sasa tuingie kwa maneno yenyewe. Hizi bunduki za risasi nene hukosekana kwa sababu ya kawaida sana: kiwanda kinapobanwa, kinatengeneza kwanza kile kinachouzwa kwa mamilioni. Risasi za bastola, risasi za raifo ndogo. Zile za ndovu na mbogo zinangoja mwisho wa foleni, zinatengenezwa kidogo, halafu mashine inageuzwa. Mliona 2020 na 2021, corona ilipofika Wamarekani walinunua risasi kama watu wanaokimbia njaa, na mwaka huo huo wa 2020 Remington, kampuni ya tangu 1816, ilikuwa imefilisika inauzwa vipande vipande. Kisha vita vya Ukraine vikaja, na ile nitroselulosi inayotengeneza baruti ikawa inatafutwa na viwanda vya mizinga. Huko Cheki, CZ wakaacha kutengeneza ile 550 Magnum, ambayo kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa raifo ya mtu wa kawaida aliyetaka kaliba kubwa bila kuuza shamba. Kwa hivyo uhaba si hadithi. Upo, na utakuja tena.

Lakini angalia watu wanafanya nini wakikutana na uhaba. Wanaanza kuthamini kitu kwa sababu hakipatikani. Raifo ikikosekana, wanaona ni dhahabu. Risasi zikikosekana, wanaona ni sifa. Yaani ile dalili ya kukuambia ukimbie ndiyo inakuvuta!

Historia yote ya hizi kaliba inasema kinyume. Chukua .470 Nitro Express, ile ya mitutu miwili ambayo kila mtu anaiota. Unadhani ilizaliwa kwa sababu kuna mwanasayansi aligundua .470 inaua vizuri kuliko .450? Wapi. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Waingereza ilikataza risasi za .450 kuingia India na Sudan, maana bunduki za zamani za jeshi zilitumia kaliba hiyo na waliogopa risasi ziishie kwa watu wanaowapinga. Mafundi wa bunduki wakabaki na wateja wasio na kitu cha kununua. Wakatengeneza .465, .470, .475, .476, zote zinafanya kazi ile ile. Ukipigwa na moja huwezi kujua ni gani.

Mbona basi .470 ndiyo tunaijua leo na hizo zingine ni za makumbusho? Kwa sababu Joseph Lang aliyeitoa hakuifungia kwa sanduku lake. Fundi yeyote aliruhusiwa kutengeneza bunduki yake, kwa hivyo risasi zake zikawa nyingi. Ni hiyo tu.

Sasa weka kando yake .416 Rigby ya 1911. Kwa mizani ni risasi ya ajabu: gramu 26, mwendo wa zaidi ya mita 700 kwa sekunde, inapita mbogo kama sindano. Lakini Rigby waliishika kama mali ya nyumba yao. Bunduki zikawa chache mno. Halafu miaka ya 1960 Kynoch wa Uingereza, ambao ndio walikuwa wanalisha hizi bunduki karibu zote, wakaacha kutengeneza. Fikiria uko Arusha ama Nairobi wakati huo, una raifo safi ya London, mbao ya mjozi inang'aa, na unahesabu risasi kumi na nne zilizobaki kama unahesabu siku zako. Kumi na nne nimetoa kichwani, lakini hesabu za aina hiyo zilifanyika kwa kambi nyingi. .416 ilifufuka mwishoni mwa miaka ya 1980 tu, Wamarekani walipoanza tena kuitengenezea risasi. Haikuwa imepungua nguvu hata chembe miaka yote hiyo. Ilikuwa imekosa chakula.

Pengo la Kynoch lilijazwa na nani? .458 Winchester Magnum ya 1956, kwa raifo ya Model 70 ambayo mtu wa kawaida angeweza kulipia. Na hii nayo ilikuja na ugonjwa wake. Walifupisha ganda ili liingie kwa raifo ya urefu wa kawaida, baruti ikabidi ishindiliwe sana, na ikikaa muda mrefu ilishikana kama sukari iliyoloa. Risasi inatoka polepole kuliko ilivyoandikwa kwa boksi. Kuna Mmarekani, Jack Lott, aliumizwa na mbogo huko Msumbiji 1959, na baadaye akatengeneza ganda refu, .458 Lott, kumaliza hayo mambo. Leo baruti zimekuwa bora na .458 ya kawaida inafanya kazi yake vizuri. Ila shikeni hii moja: raifo ya Lott inakubali pia risasi za .458 Winchester. Mwaka wa uhaba, hiyo inamaanisha una rafu mbili za kutafuta badala ya moja. Hapo ndipo unajua fundi aliwaza.

Sasa .375 Holland & Holland, ya 1912. Hii haina mioyo kumi kwa video. Risasi ya gramu 19 hivi, haitishi kwa picha. Lakini nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji, Tanzania ikiwemo, zimeifanya .375 kuwa mstari wa chini kwa wanyama hatari, yaani sheria yenyewe inaitambua kwa jina. Viwanda vya Marekani na Ulaya vimeitengeneza miaka mingi bila kukoma. Ukifika kambini na ndege imebaki na risasi zako Addis ama Doha, uwezekano wa mtu kuwa na boksi la .375 kwa sanduku la chuma ni mkubwa kuliko kaliba nyingine yoyote nene. Nenda uulize .505 Gibbs. Watakupa chai.

Na bado sijafika kwa sababu yenyewe.

Sababu yenyewe ni mazoezi. Risasi moja ya kiwandani ya .470 inaweza kupita dola 10, na .500 Jeffery haiko mbali. Ukiwa na boksi mbili na hujui za tatu zitatoka wapi, utafanya nini? Utaziweka. Utapiga tatu shambani kuangalia kama darubini iko sawa, zingine utazihifadhi kwa safari. Halafu teke: .500 Jeffery inarusha bega karibu mara mbili ya .375. Mwili hauna akili ya kutofautisha teke na kipigo. Ukipigwa hivyo mara tatu bila kuzoea, mara ya nne kidole kinavuta kwa hofu, macho yanajifunga, mtutu unashuka. Risasi ilikuwa ya begani inaenda tumboni. Na huyo ndiye mbogo ambaye mzee wa nyayo anaambiwa aende akamwone kichakani.

Mwenye .375 anaweza kupiga risasi mia kabla ya kupanda ndege, amesimama, amepiga goti, ameegemea mti, akarudia bolti bila kuangalia. Hiyo mia ndiyo inamlinda mzee. Milimita za ziada hazimlindi.

Mtanijibu na Bell. Najua, kila mtu hujibu na Bell. Karamojo Bell, yule Mskoti aliyemaliza ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa raifo ndogo ya milimita 7, Karamoja kule Uganda na kwingine. Nawaomba tafadhali msimtumie kwa upande wangu pia, simtaki. Bell alifyatua karibu kila siku, alijua ubongo wa ndovu uko wapi kutoka kila pembe, na aliwapiga ndovu ambao wengi hawakuwa wamejifunza kuogopa bunduki. Kitu kimoja tu cha Bell kinanifaa: alichagua kile alichoweza kukilisha na kukipiga sawasawa kila siku. Kaliba yake mwacheni nayo.

Kuna hoja moja naikubali bila kelele. Mwindaji bingwa, yule ambaye kazi yake ni kusimama mbele ya mnyama anayekuja mbio akiwa hatua kumi, huyo ana haki ya kubeba .458 ama .470 na hata zaidi. Yeye kazi yake ni kusimamisha. Anapiga mwaka mzima, anajua bunduki yake inalisha vipi ikiwa na vumbi, na kwa kawaida ameshaweka akiba ya risasi. Lakini mgeni wa siku kumi anayeiga bunduki ya mwindaji bingwa ni kama mtu aliyekodi matatu kwa sababu aliona dereva wa matatu akipita kwa kona. Kazi ya mgeni ni risasi ya kwanza, na hiyo inataka utulivu.

Basi ukiwa dukani na rafu ni nusu tupu, mpangilio wangu ni huu, na mtu asinitukane mama. Ukipata .375 nzima, ya bolti, yenye ule ukucha mrefu wa Mauser unaoshika ganda tangu linatoka kwa magazini, chukua hiyo, hata kama mbao ina mikwaruzo. Mikwaruzo haijawahi kuua mtu. Hakuna .375? Chukua .458 Lott, ama Winchester yake. Kisha .416, Rigby ama Remington, lakini hesabu risasi kabla ya kuhesabu pesa za raifo: kama huwezi kubeba nyumbani za mazoezi na za safari siku hiyo hiyo, iache kwa rafu. .470 ni ya mwenye mfuko mzito na muda wa kuifanyia mazoezi, na mitutu miwili inakupa risasi mbili tu za haraka. Hizo zingine zote, .500 Jeffery, .505, .577, .600, mpaka .700 ambayo Holland & Holland walitengeneza miaka ya 1980 kwa mtu aliyetaka kubwa kuliko zote, ni nzuri kutazama. Nikiwa na pesa ningenunua moja niitundike ukutani.

Ama subiri. Hili neno hakuna anayelisema kwa sababu halina mioyo. Msimu wa mwaka huu ukipita, mbogo watakuwepo mwaka ujao. Unaweza pia kukodi raifo ya kambi. Kampuni nyingi za uwindaji zina.375 za kukodisha, zimechakaa kwa nje na zinafyatua vizuri, na risasi zake ziko hapo hapo.

Na kama tayari umenunua ile ya boksi moja, basi siku ya kwanza kambini, kabla ya kupanda gari, mwambie yule mzee wa nyayo umeifyatua mara ngapi. Mwambie nambari kamili. Halafu muache aamue atatembea umbali gani mbele yako.