Kuchomwa, Kudungwa, Kuchanja: Neno la Umma Lisidharauliwe

Lugha ya taifa haijengwi ofisini peke yake. Hujengwa pia shambani, sokoni, zizini, na penye benchi la kliniki ambapo akina mama huketi tangu asubuhi na watoto wao mapajani. Katika makala haya twataka kuyatetea maneno yasemwayo penye benchi hilo, kwa sababu tumeyaona yakidharauliwa na watu ambao wajibu wao ni kuyasikiliza.

Sisi tukaao Usa River, chini ya Mlima Meru, twaishi njiani. Barabara itokayo Moshi kwenda Arusha hupita katikati yetu. Mmeru, Mwarusha, Mchaga, Mpare na Mmasai hukutana siku ya soko Tengeru, na kila mmoja huja na Kiswahili chake. Siku moja, katika zahanati ambayo hatuna haja ya kuitaja, tulimsikia mama mmoja akisema, "Nimemleta mtoto achomwe." Muuguzi akamjibu mbele ya wote, "Hapa hatuchomi watu, mama. Sema chanjo." Watu wakacheka. Mtoto akapata sindano yake, na kadi ikaandikwa. Lakini mama yule alikuwa na swali. Tulimwona akifungua kinywa, kisha akakifunga. Akaondoka na swali lake, akaenda kutafuta jibu kwingine. Twasema hiyo ni hasara, na hasara hiyo ilisababishwa na kiburi cha lugha.

Je, mama yule alikosea? La hasha. Katika sehemu kubwa ya Tanzania bara, mtu huchomwa sindano. Kuchoma si kuunguza tu. Ni kupenya pia, kama mwiba uchomavyo mguu. Ukivuka mpaka pale Namanga na kuingia Kenya, utasikia kwamba mtu hudungwa sindano, na magazeti ya huko huandika hivyo bila haya. Wapo Waswahili wengi wasemao kupigwa sindano, wala hakuna apigwaye ngumi, kama vile nguo ipigwapo pasi isivyoumia. Nao ndugu zetu wa Kongo mashariki husema shindano, neno ambalo kwetu laweza kumfanya msikilizaji aulize ni nani aliyeshinda. Wote hao wasema Kiswahili, na wote wamefika mahali pamoja: mkono umenyooshwa na ncha ya sindano imeingia.

Jambo hili si la Waswahili peke yao. Waingereza, Waskoti na Wamarekani husema lugha moja, lakini kila mmoja ana neno lake la mitaani kwa sindano hiyo hiyo, na la Wamarekani ni lile lile litumiwalo kwa mlio wa bunduki. Hatujasikia daktari wa kwao akimcheka mgonjwa kwa kusema kwamba amepigwa risasi.

Wapo wenzetu watakaotujibu kwamba lugha ya taifa sharti iwe moja, na kwamba tofauti hizi huleta vurugu. Tunaiheshimu hoja hiyo. Usanifishaji ulioanza baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, na kazi ya Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa 1967, vimetupatia vitabu, sheria na shule zenye lugha moja. Lakini shabaha ya usanifu ni watu waelewane. Usanifu ukigeuzwa fimbo ya kumpigia mkulima, umeasi shabaha yake.

Hata hivyo, hatusemi kwamba maneno yote haya yana uzito sawa. Kuchoma, kudunga na kupiga hutaja chombo tu. Sindano ya malaria huchomwa, ya pepopunda huchomwa, na ya kutuliza maumivu huchomwa. Ndiyo maana mzazi husema, na kwa haki kabisa, "Mtoto wangu haumwi, sindano ya nini?" Neno alilopewa halikumwambia kwamba mtu mzima wa afya hukingwa kabla ya ugonjwa kufika.

Kuchanja, kwa upande wake, ni neno lenye historia. Kwanza ni kukata na kupasua: twachanja kuni. Kisha ni kutia chale: wazee wetu walichanjwa chale na waganga, zikapakwa dawa, ili mwili upate kinga dhidi ya madhara yajayo. Hatusemi kwamba dawa ile ilifanya kazi ya chanjo ya leo. Twasema kwamba fikira ya kumkinga mtu angali mzima ilikuwa nyumbani kwetu, nayo ilikuwa na jina. Ilipokuja chanjo ya ndui, ambayo ilitiwa kwa kukwaruza au kutoboatoboa ngozi ya mkono na kuacha kovu, watu hawakuhangaika kutafuta jina. Walikuwa nalo. Wazungu wao walichukua jina kutoka neno la Kilatini la ng'ombe, kwa kuwa Edward Jenner, mwaka 1796, alitumia ndui ya ng'ombe. Sisi tulichukua letu kutoka chale. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Merka, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ugonjwa huo umekwisha. Ndui imekwenda, neno limebaki na limepanua kazi yake. Mwaka 2022, baada ya polio kugunduliwa Malawi, watoa chanjo nchini mwetu walipita nyumba kwa nyumba wakiwatia watoto matone mdomoni. Hapakuwa na wembe wala sindano, lakini watoto walichanjwa, na kila mtu alielewa.

Anayetilia shaka na aende kwa mfugaji. Katika nchi hii ya Arusha, ng'ombe huchanjwa ndigana kali: hutiwa vimelea hai vya ugonjwa huo pamoja na dawa ya kuvidhibiti, ili mwili ujifunze kupigana navyo. Mfugaji hamwulizi bwana mifugo kwa nini anachanja ndama asiyeumwa. Ajua kwamba ng'ombe mzima huchanjwa, na mgonjwa hutibiwa. Ajua pia kwamba sotoka, iliyofagia mifugo ya Wamasai katika miaka ya 1890, ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imetoweka duniani, na kwamba chanjo ndiyo iliyoimaliza. Basi elimu tunayodhani kwamba umma hauna, imo zizini.

Ushahidi mwingine twaupata katika sarufi ya watu. Mwaka 2021, chanjo ya UVIKO-19 ilipozinduliwa nchini tarehe 28 Julai, kaulimbiu ya Ujanja Kuchanja ilienea, na watu wakaanza kuulizana, "Umechanja?" Jibu lilikuwa, "Nimechanja." Baadhi ya wasomi walikereka. Walisema kwamba aliyechanja ni muuguzi, na kwamba mwananchi amechanjwa. Lakini wasomi hao hao hutoka kwa kinyozi wakisema, "Nimenyoa," na wake zao hurudi kutoka kwa msusi wakisema, "Nimesuka." Kiswahili humpa utendaji yule aliyeamua jambo litendeke. Aliyechomwa, aliyedungwa na aliyepigwa, wote wametendwa. Aliyechanja ametenda: amepima, ameamua, amekunja mkono wa shati mwenyewe. Umma ulikuwa umesema, bila semina, kwamba kinga ya mwili ni hiari ya mwenye mwili. Kumsahihisha mtu kama huyo ni kumnyang'anya uamuzi wake.

Kwa hiyo twawalaumu zaidi wale waliokimbia ugomvi huu kwa kulitupa neno lenyewe. Mjini Arusha sasa twasikia vijana waliosoma wakisema kwamba "wamepata vaksini", kana kwamba chanjo ni jina la watu wa shamba. Hiyo ni kasumba. Haiwezekani Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake hapo hapo Arusha, ikipokee Kiswahili kuwa lugha yake rasmi, kisha sisi majirani zake tukione hakifai kwa mikono ya watoto wetu.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, mtumishi wa afya na aanze na neno alilolikuta. Mama akisema achomwe, ajibiwe, "Ndiyo mama, leo tutamchoma, na sindano hii ni ya kumchanja surua." Kwa sentensi hiyo moja, neno la mahali limeheshimiwa na neno la taifa limefundishwa. Pili, vyuo vya uuguzi vifundishe maneno ya mikoa na ya nchi jirani kama vifundishavyo majina ya dawa, kwa kuwa mgonjwa wa Namanga na mkimbizi wa Kigoma hawatasubiri kamusi.

Mama yule wa zahanati atarudi, maana kadi ya mtoto bado ina nafasi zisizojazwa. Siku atakaporudi, na aulizwe kwanza alitaka kusema nini.