Kasese hadi Bwera kwa Baiskeli: Wazazi, Waruhusuni Vijana



Likizo iliyopita tuliwachukua vijana 14 wa madrasa kutoka Kasese mjini hadi Bwera kwa baiskeli, mwendo wa kilomita 50 na ushei, tukalala huko na kurudi siku ya pili. Majina yaliyoandikishwa mwanzo yalikuwa 23. Tisa waliondolewa na wazazi wao. Hatuwalaumu, ila jambo hili linanong'onwa pembeni kila baada ya Sala ya Ijumaa, na sisi tunaona bora lisemwe waziwazi.

Hofu ya wazazi ilikuwa kanzu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliivamia shule ya sekondari kule Mpondwe, jirani kabisa na Bwera, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Oktoba mwaka huo huo watalii wawili na kiongozi wao wakauawa ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Wauaji hao hujifunika kwa jina la dini yetu. Mama mmoja akatuuliza: "Ustadh, kundi la vijana wa Kiislamu likiingia Bwera, watu watafikiri nini?" Mama huyo ana haki ya kuuliza. Lakini tusipokwenda kabisa, watu wa kule watabaki na picha ile ile waliyoachiwa mwaka 2023, na hakuna atakayewaonyesha nyingine.

Basi tuliomba ruhusa polisi, tukachukua na barua ya mwenyekiti wa mtaa, tukaondoka baada ya kupambazuka. Mdogo kuliko wote aliuliza kama dua ya kupanda kipando, ile iliyomo katika Suratuz-Zukhruf, inafaa kwa baiskeli, maana ngamia humbeba mtu lakini baiskeli ni mtu anayeisukuma. Tukamwambia asome tu, kwani mteremko wa kwanza ungemjibu.

Hadi Muhokya hapakuwa na shida. Karibu na Kikorongo, penye alama ya Ikweta, tuliwasimamisha na kuwauliza kibla kiko wapi. Walionyesha pande nne zote! Vijana waliohifadhi juzuu kadhaa, na kila siku wanaswali kwa kufuata ukuta wa msikiti! Tukawapanga kwa jua na kwa mlima: kutoka hapa Makka iko kaskazini ukielemea mashariki, na Rwenzori inabaki upande wa kushoto. Hili tumewasomesha ubaoni miaka mitatu, na kosa la kutowatoa nje ni letu walimu.

Baada ya njia panda jua likawa kali. Kinyamaseke tukapata pancha mbili kwa pamoja. Fundi wa baiskeli pale alitutazama kwa muda kabla ya kugusa chochote, kisha akauliza bila kuficha: "Nyinyi wa kanzu, mnawapeleka wapi watoto hawa?" Tukampa barua. Hakuisoma. Akamgeukia kijana mmoja, akamwuliza madrasa wanafundishwa nini. Kijana akajibu kwa Lhukonzo kwamba leo wamefundishwa kibla na bado miguu inauma. Fundi akacheka, akapiga viraka, akatutoza bei ile ile anayomtoza kila mtu. Wallahi bei hiyo ilitufurahisha kuliko kama angetufanyia bure.

Adhuhuri ikaingia kwenye saa saba. Hapo vijana wakakumbuka fiqhi ghafla: "Ustadh, sisi wasafiri, tupunguze!" Tukawaambia kwamba kwa madhhab ya Imam Shafi safari ya kupunguza ni marhala mbili, ambazo wanavyuoni wa leo wanazikadiria kilomita 80 na zaidi, tena kwa kwenda tu, huhesabu na kurudi. Mmoja wao akataja kwamba Ibn Taymiyya hakuweka kipimo cha masafa, bali huangaliwa kile watu wanachokiita safari. Ni kweli, na tulifurahi kwamba amesoma. Tukaswali rakaa nne kamili chini ya mwembe. Wallahu aalam.

Tuliingia Bwera kabla ya Alasiri. Watoto wa njiani walikimbia nyuma yetu wakipiga kelele, na wazee wawili waliokaa kibarazani wakaitikia salamu zetu. Wa tatu hakuitikia. Hatujui alimpoteza nani.

Mabinti hatukuwachukua, na hapo tunakubali kasoro. Anayesema haifai na akumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.). Tunatafuta waalimu wa kike watakaoongoza kundi lao.

Fomu za likizo ijayo ziko kwa katibu wa madrasa. Mzazi asiyetaka mwanawe aende, tunamwomba asimkate jina kimya kimya. Aje tuketi naye, atuambie anachokihofia.

Wabillahi tawfiq.