Raia Asiye na Anwani: Tunachoweza Kujifunza Romania

Ninapofundisha mada ya uraia, wanafunzi wengi huja darasani wakiamini kwamba kitambulisho ni kivuli tu cha uraia: ukiwa na huu, kile kitafuata chenyewe. Huwa nawapeleka Romania. Huko mtu anaweza kuwa raia asiyetiliwa shaka na ofisi yoyote, na bado akakosa kadi kwa sababu ya anwani.

Wengi wetu tunausikia uraia wa Romania kupitia habari za Moldova. Juni 1940 Umoja wa Kisovieti uliitwaa Bessarabia pamoja na Bukovina ya Kaskazini, na wakazi wake wakapoteza uraia wa Romania pasipo kuulizwa. Sheria Namba 21 ya mwaka 1991 iliwaruhusu wao na wazao wao, hadi vitukuu, kuudai upya bila kulazimika kuhamia Romania. Romania ilipoingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Januari 2007, dai hilo likawa na thamani mpya. Mwombaji hukusanya vyeti vya mababu, hula kiapo cha utii, kisha husubiri cheti chake cha kuzaliwa kiingizwe katika daftari za Romania, maana bila hatua hiyo hapati pasipoti. Wapo wanaoibeza sheria hii na kuiita duka la pasipoti. Sikubaliani nao. Aliyevuliwa uraia kwa tishio la jeshi ana haki ya kuudai, hata kama leo anaudai kwa sababu anatamani kibarua cha Italia.

Kadi ya kitambulisho, hata hivyo, ina masharti yake. Kwa miaka mingi ilitolewa kwa raia mwenye makazi rasmi ndani ya Romania pekee. Aliyehamishia makazi yake nje alibaki na pasipoti. Mwanasheria mmoja Mromania, mkazi wa Ufaransa tangu 2014 na mwenye kazi katika nchi zote mbili, alilikataa jambo hilo. Ndani ya Umoja wa Ulaya kadi hiyo hutosha kuvukia mipaka, kwa hiyo mwenzake wa Bucharest alikuwa na hati mbili za kusafiria na yeye moja. Tarehe 22 Februari 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, iliamua kwamba kumnyima kadi kwa sababu tu anaishi nchi nyingine ya Umoja ni kuingilia uhuru wake wa kwenda atakako. Urahisi wa kazi za ofisi haukuhesabiwa kuwa sababu ya kutosha.

Nauunga mkono uamuzi huo. Lakini mwanasheria anajua mlango wa mahakama ulipo. Wapo raia waliozaliwa Romania na hawajawahi kutoka, wakiwemo Waroma wengi waishio katika vibanda visivyo na hati. Kadi ya kawaida hudai uthibitisho wa makazi: hati ya nyumba, mkataba wa pango, au tamko la mwenye nyumba. (Msomaji aliyewahi kumsubiri mwenyekiti wa mtaa atie muhuri barua ya utambulisho hahitaji maelezo zaidi.) Askari anaweza kutumwa kuthibitisha kwamba jengo lipo na mwombaji analala humo, lakini asiye na jengo la kuonyesha hupewa kitambulisho cha muda, kisichozidi mwaka mmoja na kisichovuka mpaka. Mwaka ukiisha, anarudi kwenye foleni. Kitukuu wa Chișinău asiyewahi kulala Romania usiku mmoja atasafiri hadi Madrid, ilhali mzaliwa wa kibandani atazuiwa mpakani. Simlaumu kitukuu. Naishangaa dola inayomsaka raia wake wa mbali kwenye nyaraka za 1940 na kushindwa kumwona aliye kando ya jalala.

Na dola hiyo inamfahamu. Kila raia aliyeandikishwa ana namba binafsi ya tarakimu 13, inayobeba jinsia, karne na tarehe ya kuzaliwa, na haibadiliki akihama. Kumtambua mtu ni kazi ambayo namba hiyo imekwisha kuifanya. Anwani ni taarifa ya posta na kodi, na ingeweza kuandikwa baadaye au kuachwa wazi.

Kadi mpya ya kielektroniki yenyewe inalithibitisha hilo. Majaribio yake yalianza mwaka 2021 huko Cluj-Napoca, mji uleule ambao Desemba 2010 uliziondoa familia za Waroma zaidi ya 70 katika mtaa wa Coastei na kuwapeleka Pata Rât, jirani na jalala la mji. Anwani haichapwi tena juu ya kadi hiyo. Imefichwa ndani ya chipu, na mwenye kadi akihama si lazima apewe nyingine. Dirishani, hata hivyo, karani bado anaulizia hati ya nyumba kwanza.