Taa Zikishawashwa, Nani Husema?

Yapo mazoea yaliyoingia katika maonyesho ya filamu, nayo yamekuwa sunna isiyoulizwa dalili. Picha ikimalizika, taa huwashwa, viti viwili vitatu huwekwa mbele ya kiwambo, mwongozaji wa filamu hupandishwa jukwaani, na mshereheshaji hutangaza kuwa sasa ni wakati wa maswali na majibu. Maswali huwa machache, na mengi katika hayo ni pongezi zilizovishwa alama ya kuuliza: wazo hili zuri ulilipata wapi, kazi ilikuchukua muda gani, filamu yako ijayo itahusu nini. Majibu nayo ni yale yale aliyoyatoa mwongozaji katika mji aliotoka na atakayoyatoa katika mji aendako. Hayo tungeyastahamili, kwani hatujapata kufa kwa kuchoshwa. Lisilostahamilika ni kuwa, katika kisiwa ambacho kila mtu, tangu muuza kahawa hadi waziri, husema Kiswahili, kikao hicho aghalabu huendeshwa kwa Kiingereza, hata pale filamu yenyewe inapokuwa ya Kiswahili na watu wanaoonekana ndani yake wamekaa ukumbini.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria onyesho la filamu juu ya wanawake wakulima wa mwani. Ukumbi siutaji, kwa sababu maradhi haya si ya ukumbi mmoja. Baadhi ya wanawake hao waliletwa kwa gari kutoka pwani ya mashariki, wakakalishwa safu ya mbele na kanga zao, wakapigiwa makofi. Kisha ikapita nusu saa nzima ya Kiingereza. Mama mmoja akainua mkono, akauliza kwa Kiswahili kilichonyooka. Swali lake lilikuwa na ncha mbili: kwa nini ile sehemu aliyoeleza bei ya kilo na kumtaja mnunuzi haimo katika picha, na ni nani aliyeamua isiwemo. Mshereheshaji akamgeukia mwongozaji, akamfasiria kuwa mama huyu anataka kujua kama bei ya mwani ni nzuri. Mwongozaji akajibu kwa urefu juu ya soko la dunia. Makofi yakapigwa tena.

Mimi kazi yangu ni kufasiri, na Kiingereza ni chombo changu cha kazi kama msumeno kwa seremala. Sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na wanaodhani kufasiri ni kupunguza. Swali lina makali yake, na anayeyafuta makali hayo njiani amekwisha kumjibia aliyeulizwa. Mkalimani wa kikao cha namna hii hupaswa kuiona filamu mapema, azijue istilahi za kazi inayoonyeshwa, akae karibu na muulizaji, naye apewe muda. Hupaswa kulipwa vilevile. Tumezoea kumvuta kijana yeyote aliyemaliza sekondari na kumwambia, hebu tusaidie kidogo. Kisha tunashangaa kuwa watazamaji hawaulizi.

Husemwa kuwa watu wetu wana haya, hawakuzoea kujadili filamu. Huu ni uzushi. Katika miaka ya 1950 na 1960, siku ambazo majumba kama Majestic pale Vuga yalikuwa yakijaa, watazamaji wa Unguja walikuwa wakizitoa picha za Kihindi ukumbini na kwenda nazo barazani. Awara, filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, ilizungumzwa na watu wengi ambao Kihindi hawakukijua. Humo mna hakimu anayemfukuza mkewe mja mzito kwa kumshuku, na mtoto anayezaliwa anaingizwa katika wizi na mhalifu. Je, uhalifu hurithiwa kwa damu, au njaa ndiyo inayoufundisha? Mahaba yana haki gani mbele ya baba na mila? Laura Fair, mwanahistoria wa Marekani, aliyakusanya makumbusho ya watazamaji hao, na mwaka 2018 akatoa kitabu kizima juu ya sinema na watu wa mijini Tanzania. Hakuna aliyewapa wazee wetu kipaza sauti. Waliulizana kwa lugha yao, wakabishana, na wengine walirudi kuitazama picha ili wamshinde mbishi.

Ushahidi mwingine upo Dar es Salaam, katika vibanda vya video vya miaka ya 2000. Humo Lufufu na wenzake walizifasiri filamu za kigeni kwa sauti zao wenyewe, wakieleza, wakitania, wakiongeza chumvi panapohitajika na pasipohitajika. Kampala nako kazi hiyo ina mabingwa wake. Wenye elimu waliwacheka. Walakini mafundi hao walifahamu jambo ambalo waandaaji wenye vyeti hawajalifahamu, kuwa mtazamaji aliyelipa kiingilio ana haki ya kuambiwa kinachosemwa.

Tena tukitazama asili ya mazungumzo ya baada ya filamu katika bara letu, tutaona kuwa hayakubuniwa kwa ajili ya kumpamba mwongozaji. Ousmane Sembène wa Senegal, kuli wa zamani wa bandari ya Marseille aliyejielimisha mwenyewe, alikuwa amekwisha kupata jina kwa riwaya alizoziandika kwa Kifaransa. Aliligeukia sinema kwa sababu wengi wa watu aliowaandikia hawakuweza kumsoma. Mwaka 1968 akatoa Mandabi kwa Kiwolofu. Alizichukua filamu zake vijijini, akakaa na watazamaji na kujadiliana nao. Sinema kwake ilikuwa shule ya usiku. Wadhibiti walipokata sehemu za Xala, filamu yake ya 1975, alichapisha vikaratasi vya kuwaeleza watazamaji ni kipi kilichoondolewa. Hebu tulipime hilo na swali la mama wa mwani. Sembène aliwapelekea watu habari ya kilichokatwa kabla hawajamuuliza. Hapa kwetu mtu ameuliza, na swali likapotezwa baina ya kiti kimoja na kingine. Na kuhusu uzito wa lugha, wasomaji wa ukurasa huu, ambao wengi ni washairi, watapenda kukumbuka kuwa filamu yake Ceddo ya 1977 ilizuiwa na serikali ya Senghor, rais mshairi, na sababu iliyotolewa rasmi ilikuwa tahajia ya jina: Sembène aliandika d mbili, serikali ikataka moja.

Argentina nako, Fernando Solanas na Octavio Getino walitengeneza La hora de los hornos mwaka 1968, filamu ya zaidi ya saa nne, iliyoonyeshwa kwa siri chini ya utawala wa kijeshi. Waliacha humo mahali maalumu pa kusimamisha mashine ili watu wajadiliane. Mazungumzo yalikuwa kiungo cha filamu yenyewe, na aliyehudhuria alijihatarisha. Sisi tumeurithi mkao wa viti tu.

Najua nitakalojibiwa. Hafla hizi ni za kimataifa, wageni wametoka mbali, na Kiingereza hutukusanya sote. Lakini tamasha la filamu la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998, lilijiita la nchi za jahazi, na Kiswahili chenyewe kilisafiri kwa jahazi hizo na kufika Komoro na Omani bila kumwomba Mwingereza nauli. Tamasha hilo hilo limepata kuzipeleka filamu vijijini, Unguja na Pemba, jambo linalostahili sifa na linaloonyesha kuwa penye nia hakushindikani. Mgeni hatapungukiwa kitu akisubiri dakika moja afasiriwe. Sisi tumesubiri zaidi ya hiyo.

Basi ninalolitaka ni hili. Kikao kifunguliwe kwa Kiswahili, na Kiingereza kifuate kama tafsiri. Filamu ikiwa imepigwa miongoni mwa watu fulani, na watu hao wamo ukumbini, swali la kwanza liwe lao, kabla ya balozi na kabla ya mwandishi wa habari. Mwongozaji aambiwe mapema kuwa ataulizwa alichokiacha, siyo alichokionyesha pekee. Na mkalimani atajwe jina katika ratiba, kama anavyotajwa mpiga picha.

Limebaki suala la fedha, ambalo huletwa mwisho kila mara ili limalize mazungumzo. Atakayesema hakuna za kumlipa mkalimani wa usiku mmoja, na atuletee hesabu ya mabango, fulana na karamu ya wageni. Tutakaa naye tuisome mstari kwa mstari, kwa lugha aitakayo.