Wajane wa Semuliki

Kila MONUSCO inapotajwa hapa Vuhovi, jibu ni moja: "Hawakufanya kitu." Hasira hiyo ina sababu. Tangu Oktoba 2014 watu wanachinjwa wilayani Beni, na walinda amani walikuwepo. Lakini tarehe 7 Desemba 2017 ADF walishambulia kambi ya Semuliki, mapigano yakachukua saa nyingi. Walikufa Watanzania 15, na askari wa FARDC pia. Hao Watanzania hatukuhitaji mkalimani kuongea nao. Miili yao ilirudishwa Dar es Salaam. Makosa ya MONUSCO yasemwe, hata kwa ukali. Ila Jumapili tunapowaombea wajane wa ndugu zetu waliouawa mashambani, wajane wa Tanzania hatuwataji.