Kutoshtakiwa si utetezi

Mwandishi, katika makala yako kuhusu kutwaliwa kwa mali umeruka jambo zito. Chini ya sheria ya Kenya ya 2009 dhidi ya utakatishaji wa fedha, Shirika la Kurejesha Mali (ARA) halihitaji mtu awe amehukumiwa kwanza ili liombe mahakama itwae mali yake. Kiwango cha uthibitisho cha kesi ya madai kinatosha, na hata ukiachiliwa huru kwenye kesi ya jinai, amri ya kutwaa mali haitenguki kwa sababu hiyo. Kwa hiyo kumlilia jaji kwamba hujashtakiwa ni kupoteza muda (na ada ya wakili!). Hati ya kiapo ya mpelelezi wa ARA ndiyo ya kushambuliwa: omba ahojiwe mahakamani, aeleze pesa ipi ilitokana na uhalifu upi. Halafu leta mikataba, risiti, taarifa za benki na za kodi, zenye tarehe zinazolingana. Maneno matupu kwamba pesa ni ya biashara ya mifugo hayatakusaidia.