Mama Yumo, Watoto Hawamo

Juzi mama mboga wetu wa getini aliniambia, "Mimi SHA nilishajisajili, kijana wangu." Nikamwuliza, na watoto? Tukafungua akaunti yake kwenye simu yangu. Yeye yumo. Watoto wake watatu hawamo. Alidhani mzazi akiingia, wanae wanaingia naye.

Hawaingii hivyo. Ni lazima waongezwe kama wategemezi, na hapo cheti cha kuzaliwa kinatakikana.

Makomredi, tangu Oktoba 2024 tunazozana kama SHA inafaa. Tuzozane tu; mchango wa mwaka, shilingi 3,600 kwa uchache, si mchezo kwa muuza sukuma. Lakini kusajiliwa ni bure, na aliyesajiliwa anatibiwa bure kwenye zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3. Homa ya mtoto haingoji tumalize mjadala.

Bando tunazo. Jumamosi moja, tukae getini na simu zetu. Lakini kwanza piga nyumbani uulize. Mimi nilipiga usiku ule ule: dadangu mdogo hakuwamo.